Rekodini maelezo ya filamu yenu sasa, diski iwepo isiwepo

SWALI: Mimi ni mhariri wa filamu, naishi Kayole, Nairobi. Tumemaliza filamu yetu ndefu ya kwanza, dakika 82, tuliyoipiga Kayole na Dandora. Mwelekezi anataka tukae turekodi maelezo ya sauti ya kusikilizwa juu ya picha, na tuongeze maonyesho tuliyoyakata, kama zilivyokuwa DVD za zamani. Prodyusa anasema huko ni kupoteza wakati, kwa kuwa DVD hazinunuliwi tena na watu wetu wataitazama filamu kwa simu. Isitoshe, nimenunua mjini DVD kadhaa za filamu ambazo nimesoma kwamba zina maelezo ya mwelekezi, lakini nikitafuta siyaoni. Yako wapi? Na tukirekodi ya kwetu tuanzie wapi, maana mnasa sauti wetu amehamia Mombasa?

JIBU: Dada, rekodini. Prodyusa wako ana haki kuhusu diski, kwani hata mimi sioni sababu ya kuchapisha DVD elfu moja mwaka huu. Ila maelezo yanaweza kuishi bila diski. Ni faili ya sauti yenye urefu uleule wa filamu, na faili hukaa popote pale. Naomba nikujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili linanigusa. Filamu za Nairobi zinatengenezwa na watu wenye ujuzi mkubwa, na ujuzi huo unabaki vichwani mwao. Mtu akihama, akiacha kazi au akifariki, unaondoka naye. Nyinyi wenyewe mmeshaanza kuliona hilo: filamu haijaonyeshwa popote na mnasa sauti yuko Mombasa.

Nianze na DVD ulizonunua, kwa kuwa ukielewa yaliko maelezo utaelewa pia jinsi ya kutengeneza yenu.

DVD moja inaweza kubeba mikondo minane ya sauti na mikondo 32 ya maandishi ya chini. Mkondo wa kwanza huwa ni sauti ya filamu yenyewe, kisha lugha nyingine, na mara nyingi wa mwisho ndio wenye maelezo. Mkondo wa maelezo ni mwepesi. Ukirekodiwa kwa kilobiti 192 kwa sekunde, filamu ya saa mbili itahitaji megabaiti 170 hivi. Diski halisi za studio kubwa huwa na tabaka mbili, yaani gigabaiti 8.5, lakini diski tupu zinazotumiwa na wanakili huwa na tabaka moja, gigabaiti 4.7. Ili filamu iingie, lazima kitu kitoke, na kitokacho kwanza ni menyu, nyongeza na mikondo ya ziada ya sauti. Baadaye zikaja faili za megabaiti 700, ukubwa uliochaguliwa ili filamu itoshe kwenye CD moja, na aliyetengeneza faili hizo aliacha mkondo mmoja tu. Kwa hiyo yule kijana wa duka la muvi aliyekuuzia kwa shilingi 50 au kukujazia flashi hakukuibia maelezo. Yalikuwa yameondolewa kabla faili haijafika River Road.

Ukipata diski halisi, bonyeza kitufe cha sauti kwenye rimoti mara kadhaa, au ukiwa kwenye kompyuta fungua programu ya VLC, nenda kwenye menyu ya sauti, uchague mkondo mwingine. Angalia pia maandishi ya nyuma ya jalada. Filamu ileile hutolewa na kampuni tofauti katika nchi tofauti, na nyongeza hazifanani. Umesoma kwamba filamu fulani ina maelezo, kumbe ni toleo la Marekani la mwaka fulani, na lile la Uingereza halina. Kisha kuna kanda za dunia: diski iliyofungwa kanda moja huenda isisomeke kwenye mashine ya kanda nyingine. Kwa DVD, Kenya iko kanda ya 5 pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi. Kwa Blu-ray tuko kanda B pamoja na Ulaya. Diski za Blu-ray za Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu teule pamoja na nyongeza, zikiuzwa huko hufungwa kanda A, na bei yake ya kawaida huko ni dola 39.95. Usitume pesa hizo kabla hujajua mashine yako inasoma kanda gani. Kama unatumia kidude cha kusoma DVD cha kompyuta, kumbuka kwamba kwa kawaida kinakuruhusu kubadilisha kanda mara tano tu, kisha kinabaki hapohapo ulipokiacha. Diski za 4K hazina kanda, na hilo ni afueni kubwa kwetu.

Sasa nije kwenye kiini cha swali lako.

Maelezo ya kwanza ya namna hii yalitolewa mwaka 1984, kwenye diski kubwa ya leza, iliyoitangulia DVD, ya King Kong, filamu ya 1933. Aliyezungumza hakuwa mwelekezi wala mwigizaji. Alikuwa Ronald Haver, mwanahistoria wa filamu aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho ya sanaa la Los Angeles. Diski za leza za wakati huo zilikuwa na mikondo miwili ya sauti, na kwa kuwa filamu ile ya zamani ilihitaji mmoja tu, wa pili ulibaki wazi. Criterion wakaona hapo pana nafasi, wakamweka Haver azungumze tangu mwanzo hadi mwisho huku picha ikipita. Ninapenda kuwaambia vijana habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba kilichohitajika hakikuwa bajeti. Walikuwa na mkondo mtupu na mtu anayeijua filamu vizuri.

Tangu hapo watu wa Hollywood wamejihifadhi kwa bidii. Francis Ford Coppola, katika maelezo yake ya The Godfather, anaeleza waziwazi jinsi alivyokuwa akiogopa kufutwa kazi wakati wa kupiga picha. Thelma Schoonmaker, mmoja wa wahariri wakubwa kabisa walio hai, anasikika pamoja na mwelekezi Martin Scorsese juu ya Raging Bull, na wewe kama mhariri mtafute huyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Toleo refu la filamu ya kwanza ya The Lord of the Rings, lililotoka 2002, lina mikondo minne ya maelezo: ya mwelekezi na waandishi, ya wasanifu, ya watayarishaji na mafundi, na ya waigizaji. Si wote wanaokubali kuzungumza. Steven Spielberg hafanyi maelezo, na David Lynch hakuyataka kamwe. Aliona filamu ijisemee. Ninaheshimu msimamo huo, lakini ni msimamo wa watu ambao kazi zao zimeandikiwa vitabu. Sisi bado.

Mfano unaoniuma zaidi ni huu. Mwelekezi Mmarekani Sydney Pollack alikuja kupiga Out of Africa hapa kwetu, ikatoka mwaka 1985. Baadaye alirekodi maelezo, yakawekwa kwenye DVD. Alifariki mwaka 2008, lakini leo mtu akitaka kujua alivyofikiri kuhusu mandhari, hali ya hewa na waigizaji wake, sauti yake ipo. The Constant Gardener ya 2005, iliyopigwa Kibera na Loiyangalani, nayo ilitoka na filamu fupi ya nyongeza kuhusu upigaji wake Kenya. Yaani sehemu kubwa ya historia ya kupiga filamu Kenya iliyohifadhiwa kwa sauti za waliopiga imesimuliwa na wageni. Madereva, wabeba taa, washonaji na wanasa sauti wa hapa waliofanya kazi katika filamu zile, na wale waliotengeneza filamu zetu wenyewe tangu miaka ya themanini, tunasikia wapi sauti zao? Ukimfahamu mmoja wao aliye hai, mwekee rekoda mezani mwezi huu.

Afrika haijanyamaza kabisa. Criterion walipotoa Black Girl ya Ousmane Sembène, mwelekezi wa Senegal, mwaka 2017, ndani ya diski waliweka filamu ya hali halisi ya mwaka 1994 kuhusu Sembène, iliyoelekezwa na Manthia Diawara pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o wetu. Sembène alifariki 2007, Ngũgĩ akafariki Mei 2025. Mwanafunzi akiweka diski ile leo anamkuta Sembène akizungumzia kazi yake, kwa sababu kuna watu walioamua kuwasha kamera akiwa bado na nguvu. Nyongeza ya diski ndiyo iliyoifikisha kazi ile kwa watu ambao wasingeweza kuipata kwenye maktaba za vyuo vikuu.

Na tusijione wageni katika jambo hili. Kusikia sauti ya mtu juu ya picha ni mazoea yetu ya zamani. Waliokulia kwenye vibanda vya video Nairobi wanamjua DJ Afro, anayeifasiri na kuinogesha filamu ya mapigano kwa Kiswahili na Sheng' hadi watazamaji wanamfuata yeye kuliko wanavyoifuata filamu. Kampala wana ma-VJ, wafasiri wa aina hiyohiyo, na filamu ya Nabwana I.G.G. ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, imezunguka dunia ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake. Nakala isiyo na sauti ya Emmie haikusalimika. Nitairudia habari hiyo nikifika kwenye kuhifadhi faili. Hapa nataka tu umwambie prodyusa kwamba mtazamaji wa Nairobi hahitaji kufundishwa kuketi na sauti ya pili. Tofauti ni kwamba dijei anaitazama filamu kutoka nje, nanyi mtakuwa mnazungumza kutoka ndani.

Kabla ya kurekodi, sikilizeni ya wengine kwa makini. Kwa filamu ya bajeti kama yenu ninamweka mbele ya wote mwelekezi Robert Rodriguez na filamu yake El Mariachi. Aliipiga kwa takriban dola 7,000 katika mji wa Ciudad Acuña, Mexico, kwa kamera ya kuazima isiyonasa sauti. Alikuwa akipiga onyesho, kisha anawarudisha waigizaji waseme maneno yaleyale karibu na rekoda, halafu anaoanisha kwa mkono wakati wa kuhariri. Midomo ilipoanza kuachana na sauti, alikata akaenda kwenye picha nyingine, na watu wakafikiri ule mwendo wa haraka ni mtindo wake. Kigari cha kamera kilikuwa kiti cha magurudumu. Hayo yote anayaeleza mwenyewe, onyesho kwa onyesho, na thamani yake ni kwamba unayasikia huku unaiona picha iliyotokana nayo. Kitabu hakiwezi kukupa hivyo. Tazama filamu yoyote kwanza bila maelezo, kisha uirudie nayo ukiwa na daftari. Utagundua upesi ni wapi mzungumzaji anafundisha na ni wapi anajaza muda.

Wanaojaza muda ni wengi, na lazima niseme wazi. Maelezo mabaya yana dalili zake. La kwanza ni kusimulia kinachoonekana: "Hapa anaingia mlangoni." Tunaona anaingia. La pili ni sifa za mfululizo, kila mwigizaji ni hodari, kila siku ilikuwa ya furaha. La tatu ni kundi la watu sita chumbani wanaocheka mambo ambayo msikilizaji hayajui. Zile filamu fupi za "jinsi ilivyotengenezwa" zilizofanywa kwa ajili ya matangazo huwa na ugonjwa huohuo, na siwashauri mpoteze hata alasiri moja kuiga mtindo wake.

Semeni mambo ambayo picha haiwezi kuyasema. Kwa nini onyesho hili lipo hapa na mwanzoni lilikuwa kule. Jua lilizama dakika ngapi kabla hamjamaliza. Mliongea na nani mtaani ili mruhusiwe kufunga njia, na mlimlipa nani. Taa ilikuwa ipi, mliiazima wapi. Mwigizaji alisahau maneno, mkayakubali aliyoyatunga. Wewe hasa useme ulikata nini na ulibishana na mwelekezi kuhusu nini. Wahariri wa Nairobi hawasikiki kabisa, na ubishi wa mhariri na mwelekezi ukielezwa kwa heshima ni darasa ambalo hakuna chuo kimelitoa. Tajeni majina ya watu na ya mahali kikamilifu. Baada ya miaka ishirini sehemu fulani ya Dandora haitakuwa na sura ile, na atakayesikiliza atataka kujua ilikuwa mtaa gani na ukuta ule ulikuwa wa nini.

Zungumzeni lugha mliyofanyia kazi. Kama mlielewana kwa Kiswahili na Sheng' mkiwa mnapiga picha, rekodini hivyohivyo. Anayetaka Kiingereza atawekewa maandishi ya chini.

Kuhusu idadi, watu wawili ndio bora, watatu ndio mwisho. Ningechukua mwelekezi na wewe, halafu mnasa sauti au mpigapicha mkuu. Kama waigizaji wanataka kuzungumza, na ni vizuri wazungumze, wafanyieni mkondo wao peke yao. Kila mtu awe na maikrofoni yake na vipokea sauti vya masikioni. Sauti ya filamu isitoke kwenye spika hata kidogo, maana itaingia kwenye maikrofoni na hutaweza kuitoa tena. Hapa ndipo wengi huharibu kazi yote.

Chumba. Najua Kayole. Mchana kuna matatu, wauzaji wenye vipaza sauti, watoto na fundi wa chuma aliye ploti ya jirani. Rekodini usiku kati ya saa tano na saa kumi, na msichague Ijumaa kwa sababu ya kesha za makanisa. Kama paa ni la mabati, angalieni utabiri wa mvua; tone moja moja mtalisikia lote. Zimeni friji na feni. Wekeni magodoro ukutani nyuma ya wazungumzaji, blanketi juu ya meza, na mtundike nguo nzito dirishani. Chumba kidogo chenye kabati lililojaa nguo kinaweza kuipita studio tupu yenye kuta za simenti. Nimechanganya sauti zilizorekodiwa vyumbani namna hiyo na hakuna aliyeuliza zilitoka wapi.

Rekodini faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa, 48 kHz, biti 24, na vilele vya sauti visipite desibeli 6 chini ya ukomo. Kila maikrofoni iwe na faili yake. Tumia nakala ya filamu iliyokwisha kufungwa, ambayo hutagusa tena hata fremu moja, yaani picha moja kati ya zinazounda filamu, na uweke saa inayohesabu kwenye pembe ya picha ili mzungumzaji aweze kusema ni dakika ya ngapi akitaka kurudia. Mwanzoni weka hesabu ya kushuka na mlio mmoja sekunde mbili kabla ya fremu ya kwanza. Mlio ukisikika masikioni, mmoja apige kofi mbele ya maikrofoni. Kofi hilo ndilo litakalokusaidia kuoanisha kila kitu baadaye.

Jambo la fremu usilipuuze. Kama filamu ni fremu 24 kwa sekunde na maelezo yakarekodiwa juu ya nakala iliyoharakishwa hadi fremu 25, dakika zako 82 zitakuwa zimepungua hadi chini kidogo ya 79. Kufikia mwisho wa filamu mzungumzaji atakuwa ametangulia picha kwa zaidi ya dakika tatu, na ataeleza kifo cha mhusika ambaye bado anakula chapati. Zamani tatizo hili liliwasumbua wengi, kwani DVD za mfumo wa PAL zilizotumika kwetu na Ulaya zilikuwa na kasi hiyo, na zile za Marekani hazikuwa. Hakikisha kasi moja tangu mwanzo.

Ruhusuni filamu ipite yote bila kusimama mara ya kwanza. Mkisimamasimama, mazungumzo yanakufa. Kila mtu awe na karatasi moja ya vidokezo, onyesho kwa onyesho, si hotuba iliyoandikwa. Kisha siku nyingine rudini mjaze mapengo na msahihishe majina mliyoyakosea. Kwenye kuchanganya, shusha sauti ya filamu kati ya desibeli 15 na 20 chini ya wazungumzaji, na wakinyamaza uipandishe polepole. Kimya cha nusu dakika kinavumilika kama onyesho ni zito. Kikizidi hapo, msikilizaji anafikiri mkondo umekatika.

Maonyesho yaliyokatwa yawekeni, lakini kila moja liwe na sentensi tatu au nne zako zikieleza kwa nini lilikatwa. Bila maelezo hayo yanabaki makombo. Ongezeni pia kurasa chache za mswada zenye mistari iliyofutwa na picha za mahali kabla ya taa kuwekwa. Hayo yanatosha.

Haki na sheria. Muziki mlionunua kibali chake huenda ulikubaliwa kwa filamu tu. Mkitoa mkondo wa maelezo wenye sauti ya filamu chini yake, au onyesho lililokatwa lenye wimbo, someni mkataba tena. Njia salama ni kutoa pia toleo la sauti za wazungumzaji peke yake, lisilo na hata noti moja ya filamu. Kila mzungumzaji atie sahihi karatasi ya idhini. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, inataka filamu iainishwe kabla ya kuonyeshwa au kusambazwa kwa umma, kwa hiyo mnapopeleka filamu kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu ulizeni papo hapo kuhusu maonyesho ya ziada. Ni rahisi kuuliza mara moja kuliko kurudi.

Mtayaweka wapi? Tengeneza faili ya MKV au MP4 yenye mikondo miwili ya sauti, wa kwanza wa filamu na wa pili wa maelezo. VLC ya simu inaufungua wa pili bila shida, hivyo hoja ya prodyusa kuhusu simu inatusaidia sisi. Majukwaa mengi ya kutazama mtandaoni hayatoi nafasi ya mkondo wa maelezo, na hapo ndipo lile toleo la sauti peke yake linafaa: mtu anaanzisha filamu, nembo yenu ikififia anaanzisha sauti kwenye simu nyingine. Mwelekezi Rian Johnson alifanya karibu hivyo mwaka 2012, akatoa maelezo ya Looper ya kupakuliwa na kusikilizwa kwa simu ndani ya ukumbi wa sinema. Nyinyi mnaweza kufanya vizuri zaidi: onyesho moja la kawaida kwenye ukumbi mdogo kama Unseen kule Kilimani, na wiki inayofuata onyesho la pili lenye maelezo, mkiwa mmeketi hapohapo. Prodyusa akitaka sababu ya kifedha, mwambie hiyo ni tiketi ya pili kwa filamu ileile.

Kuhifadhi. Nilitaja kwamba nakala ya Captain Alex isiyo na sauti ya VJ haipo tena. Watu wale walifanya kazi kwa vifaa haba sana na siwalaumu hata kidogo. Nyinyi mna nafasi ya kujilinda. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja iwe nje ya nyumba mnayofanyia kazi. Hifadhi filamu bila maelezo, maelezo bila filamu, na mchanganyiko wake, kila kimoja kivyake. Faili za kila maikrofoni usizifute. Diski ya kuhifadhia ikianza kutoa mlio wa ajabu, nakili siku hiyohiyo.

Na mnasa sauti wenu. Kwangu yeye ndiye wa kwanza kurekodiwa, kabla ya mwelekezi, kwa kuwa ndiye aliye mbali na kumbukumbu zake zitapoa mapema. Mtumie nakala ndogo ya filamu yenye ile saa pembeni na ule mlio mwanzoni. Aingie chumba kimya, avae vipokea sauti, arekodi kwa rekoda yake ya kazi, apige kofi akisikia mlio, azungumze hadi mwisho, akutumie WAV. Wewe utaoanisha kofi lake na la kwenu. Kisha mwelekezi na wewe mtakapoketi Kayole, msikilizeni yeye masikioni huku filamu ikipita, mumjibu pale anaposema jambo mlilolisahau. Muulize hasa kuhusu maonyesho ya nje ya Dandora: upepo aliuzuia vipi, na ni sauti zipi alilazimika kuzirekodi upya usiku. Hayo huwezi kuyapata kwa mtu mwingine.